Nati Hukazwa Mara Tatu

Ardis Kvamme alijua kuifungua bunduki yake na kuifunga tena huku ameshikilia simu kwa bega na supu inachemka jikoni. Hilo lieleweke mapema, asije mtu akadhani kwamba Ijumaa ile alimpigia simu Orlin Stenerson kwa sababu alihitaji msaada.

"Orlin, una nafasi leo?"

"Nafasi ya nini?"

"Nimeletewa ile kinga mpya ya mkono, ya bunduki. Ile inayojishika kwa nyuma tu, mbele inauacha mtutu uelee bila kuguswa na kitu. Naogopa nitaiharibu."

Orlin ni mtu wa kufikiri kwanza hata kabla ya kuitikia salamu.

"Wewe? Uogope?"

"Naogopa sana," alisema Ardis, akajifinya paja asicheke.

"Haya. Nikitoka shamba nitapita. Kama sitakusumbua."

"Hunisumbui."

"Kama una shughuli nyingine, mimi naweza..."

"Sina."

"Basi labda nipite."

Ardis alipoweka simu chini alizunguka jikoni mzunguko mzima akiwa ameshika mwiko juu kama bendera. Mwanamke wa miaka sitini na tatu, mjane, mweka hazina wa kanisa. Akavaa shati la buluu. Akalivua, akavaa la kijani, akajiona kama chupa, akarudi kwenye la buluu. Akapaka rangi ya mdomo, akaifuta, akabaki na wekundu kidogo ambao mtu angeweza kusema ni wa kawaida.

Sasa, ili mambo yaeleweke, lazima kahawa itajwe. Katika bonde hili la Mto Mwekundu, ambako majimbo ya Dakota Kaskazini na Minnesota ya Marekani yanatazamana na babu wa kila mtu alishuka kwenye meli akitokea Norwe, hakuna kitu kinachopokelewa mara ya kwanza. Ukikaribishwa kahawa, unasema: "Hapana, usijisumbue." Mwenyeji anakukaribisha tena, nawe unasema: "Ah, kama ipo tayari, lakini nisikutie kazini." Anakukaribisha ya tatu, ndipo unasema: "Haya basi, nusu kikombe tu." Kisha unakunywa birika zima. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, na anayekaribisha mara moja tu ni bahili. Watoto wa huku wanalijua hilo kabla hawajajua kufunga viatu.

Miaka miwili nyuma, katika ukumbi wa chini ya kanisa, baada ya chakula cha mavuno, Ardis alikuwa anaosha vyombo na Orlin anafuta. Orlin akaitazama sahani aliyoishika, akaiambia ile sahani: "Ardis, unaonaje mimi na wewe tukioana?"

Moyo wa Ardis ulirukaruka ndani ya povu. Alikuwa mjane wa siku nyingi, na alikuwa amempenda mkulima huyu wa viazisukari tangu majira ya baridi alipomkuta anamsukumia theluji mlangoni bila kuombwa na bila kugonga. Basi akajibu kama alivyolelewa. Akasema: "Ah, Orlin, usijisumbue."

Orlin akaifuta ile sahani mpaka ikang'aa, akaiweka juu ya nyingine, akasema "Haya," akavaa kofia, akaenda zake.

Na hakurudi tena kwenye swali. Ardis alisubiri la pili Jumapili iliyofuata. Akalisubiri Krismasi, amekaa mkabala naye mezani na chapati za viazi katikati yao. Akalisubiri majira ya kupanda, akalisubiri ya kuvuna. Orlin alimsalimu vizuri, alimletea maharage ya bustani, alimnolea visu. Swali, hapana. Na aliyekaribishwa kahawa hawezi kunyanyuka akaenda kulinyakua birika mwenyewe! Ardis alikuwa tayari kufanya mambo mengi maishani mwake, lakini si hilo. Alichokuwa anataka Ijumaa ile, kwa moyo wake wote, ni kuulizwa tena.

Ni kweli pia kwamba bunduki ilikuwa na ugonjwa. Ilikuwa nyeusi, nyepesi, ya kujipakia yenyewe baada ya kila risasi, kama ilivyo katika nusu ya nyumba za wilaya hii. Lakini kinga yake ya zamani, ile plastiki ambayo mkono wa kushoto unaishika, iliushika mtutu huku na huku. Ukiilaza juu ya mfuko wa mchanga inausukuma mtutu juu. Ukivuta mkanda inauvuta pembeni. Mwaka jana, kwenye Shindano la Mayai la klabu, Ardis alililenga yai lake kwa roho safi, na risasi ikapita kulia kama mtu aliyekumbuka ana shughuli kwingine. Mshindi alichukua paja la nguruwe la kuokwa, na Ardis akarudi nyumbani na aibu. Shindano la mwaka huu lilikuwa kesho yake, Jumamosi.

Orlin aliingia gerejini kwa Ardis ameinama, kwa sababu ni mrefu na milango ya watu imemfundisha adabu. Kidevuni alikuwa amebandika kipande cha karatasi chenye tone la damu. Ardis akakiona. Mtu huyu alikuwa ametoka kupiga dawa shambani, siku ya kazi, na amenyoa ndevu! Ilimbidi Ardis ageuke ajifanye anatafuta kitambaa.

"Kahawa?"

"Hapana, usijisumbue."

"Ipo tayari."

"Ah, nisikutie kazini."

"Kikombe hiki hapa, Orlin."

"Haya basi. Nusu tu."

Akakijaza mpaka juu. Wakasogea mezani. Orlin akaichukua bunduki, akavuta nyuma, akachungulia chumba cha risasi, akaingiza na kidole cha mwisho kuhakikisha. "Tupu," akasema. Akampa Ardis, naye akachungulia, akaingiza kidole. "Tupu." Hata mume na mke huku hawaaminiani katika jambo hilo, na hakuna anayeona vibaya.

Wakaibana kwenye jiliwa. Plastiki ya zamani ilitoka kwa kulazimishwa, vipande viwili, na Ardis akavitupa kwenye ndoo kwa furaha isiyofichika. Kazi ikaja kwenye zile pini mbili zinazokishika kikalio cha kilengeo cha mbele, juu ya mtutu. Pini hizi ni nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, kwa hiyo zina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Orlin akachukua nyundo, akaanza kugonga mlango wa kuingilia.

Ardis aliuma mdomo. Pini haikusogea. Orlin akagonga kwa nguvu zaidi.

"Imeng'ang'ania," alisema.

"Eeh, naona." Ardis akavumilia mapigo mengine mawili, akashindwa. "Nimesikia mahali, sijui kama ni kweli, kwamba zinatokea upande ule mwingine."

"Umesikia wapi?"

"Kwenye redio."

Orlin akamtazama. Redio ya huku inatangaza bei ya viazisukari, hali ya hewa na nani amekufa. Lakini hakusema kitu, akageuza, akagonga upande ule, na pini ikachomoka kama jino la maziwa.

"Redio nzuri hiyo," alisema.

"Si mbaya sana," alisema Ardis, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote zinazotolewa katika bonde hili. Nyumba mpya si mbaya sana. Mjukuu wa kwanza si mbaya sana.

Ile nati ya zamani inayoufunga mtutu kwenye mwili wa bunduki ikafunguliwa kwa spana ndefu na kelele nyingi. Mpya ikatolewa kwenye boksi. Hiyo ndiyo siri yote ya kinga hii: inajifunga kwenye nati peke yake, huku nyuma kabisa, na kutoka hapo mpaka mbele haigusani na mtutu hata kidogo. Uibane, uivute, uilaze, mtutu hauna habari. Orlin akapaka grisi kwenye nyuzi za kufungia nati, akaizungusha nati kwa mkono, kisha akaifunga kwa ile spana ya kupimia nguvu mpaka ikalia tik. Halafu akaanza kuilegeza.

"Mbona unaifungua tena?" aliuliza Ardis. Alijua jibu, lakini alipenda kumsikia akieleza vitu.

"Ya kwanza haihesabiki," alisema Orlin. "Nyuzi bado zinaoneana ugeni. Unakaza, unalegeza. Unakaza tena, unalegeza. Ya tatu ndiyo unaiacha, na tundu lake likae sawa, lile bomba jembamba la gesi ya baruti lipite bila kugusa."

"Lazima mara tatu?"

"Lazima. Mtu akikaza mara moja akaondoka hajafunga kitu."

Ardis akaweka kikombe chake mezani. Joto lilimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye nywele, na maneno yakamtoka kabla adabu haijafika kuyazuia.

"Orlin Stenerson. Kumbe unajua!"

"Kila mtu anajua. Ni nati."

"Kwenye nati unajua!"

"Ndiyo..."

"Basi kwa nini mimi uliniuliza mara moja ukavaa kofia?"

Spana ikabaki hewani. Nje, ndege mmoja alipiga kelele halafu akanyamaza, labda naye alitaka kusikia.

"Mara moja?" alisema Orlin.

"Mara moja! Chini ya kanisa! Umeshika sahani!"

"Ardis," alisema Orlin polepole, "hiyo ilikuwa ya tatu."

"Ya tatu ya nini?"

"Ya kwanza nilikuuliza kwenye lori, tukitoka kumzika yule mzee Gaylen wa klabu. Nilikwambia nyumba yangu ina vyumba vingi kwa mtu mmoja."

Ardis alifungua mdomo. Aliikumbuka siku hiyo. "Nikasema nini?"

"Ukasema vile vya juu nivifunge wakati wa baridi, vitapunguza gharama ya mafuta."

"Si ni kweli, vinapunguza!"

"Vimepunguza. Nilivifunga." Orlin akaweka spana chini taratibu. "Ya pili nilikwambia gereji yangu ina nafasi ya gari la pili. Nikakwambia na ina joto."

"Gereji? Yaani ile gereji ilikuwa mimi?"

"Ukasema gari lako limeshazoea baridi."

"Orlin! Mimi nilijua unajisifia gereji!"

"Mtu hawezi kujisifia gereji hivyo hivyo," alisema Orlin, na alionekana ameumia kidogo. "Basi nikasema ya tatu niulize wazi, kama mwendawazimu, hadharani, mbele ya vyombo. Ukaniambia nisijisumbue. Mtu akikataa ya tatu unaondoa birika, Ardis. Humlazimishi. Hiyo si ndiyo adabu?"

Ardis alitafuta kitu cha kukalia, akakuta ndoo iliyopinduliwa, akaikalia. Kicheko kilimwanzia tumboni. Alijaribu kukizuia kwa mkono, kikapitia puani. Miaka miwili! Yeye anahesabu moja, huyu bwana anahesabu tatu, na wote wawili wanashika adabu mpaka wanakaribia kufa nayo. Alitaka kumpiga kwa spana na kumkumbatia, na hakujua aanze na lipi. Machozi yalimtoka. Orlin alimtazama kwa wasiwasi, halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na yeye akicheka hana sauti, anatikisika tu kama lori lililowashwa likiwa limesimama.

"Gari limezoea baridi," alisema Ardis, akipangusa macho. "Nilisema hivyo kweli?"

"Ukaongeza kwamba betri yake ni mpya."

"Mama yangu wee!" Alikaa sawa kwenye ndoo. "Sikiliza. Tunaanza upya. Gereji haihesabiki."

"Upya kabisa?"

"Upya kabisa."

Orlin akavua kofia, paji lake la uso jeupe pale jua lisipofika. Hakukuwa na sahani karibu, ikabidi amtazame Ardis mwenyewe. "Ardis. Unaonaje tukioana?"

Na Ardis, ambaye alikuwa ameyasubiri maneno hayo kwa miaka miwili, ambaye alikuwa tayari kuyapokea hata kwa Kinorwe, alijisikia akisema: "Ah, usijisumbue."

Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Imetoka yenyewe!"

"Najua," alisema Orlin. "Nilikuwa naingoja." Akachukua spana, akaikaza nati ya pili, ikalia tik, akailegeza. "Ardis, hainisumbui hata kidogo. Tuoane."

"Basi kama hakuna mwingine unayemfikiria," alisema Ardis, na sauti yake ilikuwa nyembamba kwa furaha, "lakini nisikutie kazini."

Orlin akaikaza nati ya tatu. Ilizunguka taratibu, tundu likafika mahali pake, tik, ikakaa. Akaweka spana chini. Akajifuta grisi kwenye suruali. Akavuta pumzi.

"Nyie! Kuna kahawa humu?"

Alikuwa Marlys, mdogo wake Ardis, amesimama mlangoni na bakuli la keki chini ya kwapa. Marlys hajawahi kugonga mlango wa mtu maishani mwake.

"Hakuna," alisema Ardis.

"Mbona naona birika?"

"Imepoa."

"Basi usijisumbue," alisema Marlys, akavuta kiti, akaketi. Na kwa kuwa alikuwa amekataa mara moja, ikabidi akaribishwe ya pili, na ya tatu, na hapo akapata nusu kikombe chake kilichojaa, na mtu akishapewa kahawa haondoki mpaka alfajiri ya ufufuo. Nati ilikuwa imepata ya tatu yake. Ardis alikuwa bado.

Wakamaliza kazi Marlys akitazama. Bomba la gesi likapita. Kinga mpya, nyembamba, yenye vitundu vya kupitisha hewa, ikateleza juu ya mtutu na kujifunga kwenye nati kwa skrubu. Orlin akatoa noti ya dola moja kwenye pochi, akaikunja kwa urefu, akaipenyeza mbele kati ya mtutu na kinga. Akaivuta nyuma, nyuma, mpaka kwenye nati, na noti haikukwama popote.

"Mnafanya nini na hela?" aliuliza Marlys, mdomo umejaa keki.

"Tunapima kama kuna kinachogusana," alisema Orlin.

"Kipo?"

"Hakuna kinachogusana kabisa."

"Hilo ndilo tatizo la mahali hapa," alisema Ardis, na Orlin akawa mwekundu mpaka kwenye masikio.

Marlys akawatazama mmoja mmoja, taratibu, jicho limefinywa. Orlin akavaa kofia. Alisema lazima aende akasimamishe nguzo za mayai, yeye ndiye msimamizi wa mstari kesho. Alisema asante kwa kahawa. Akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu shule, akaondoka.

"Ongea," alisema Marlys.

Ardis akaongea. Marlys alicheka mpaka akaitema keki.

"Kwa hiyo umebakiza moja?"

"Moja."

"Mpigie simu basi!"

"Marlys, aliyekaribishwa hashiki birika. Na yeye hawezi kupiga. Simu, kwa Orlin, ni ya misiba na mvua ya mawe."

"Gereji," alisema Marlys, akainamia magoti. "Alikuchumbia kwa gereji! Na wewe ukampa habari za betri! Mngekuwa mmeshazeeka pamoja nyie."

"Tumeshazeeka."

"Mngekuwa mmeshagombana basi."

Jumamosi ilikuja na jua na upepo mdogo wa kusini. Klabu nzima ilikuwa uwanjani: viti vya kukunja, majokofu ya vinywaji, soseji kwenye moto, watoto wamevishwa vikinga masikio vikubwa vinavyowafanya waonekane kama wadudu. Yadi mia mbili mbele, mayai yalikuwa yamepangwa kila moja juu ya nguzo yake, meupe, yakiwangoja wapigaji. Bendera nyekundu ilikuwa juu. Na katika kibanda kirefu nyuma ya mstari alikuwa Orlin na kipaza sauti chake.

Ardis alilala kwenye mkeka wake, shavu kwenye kitako cha bunduki, mfuko wa mchanga chini ya kinga mpya. Kushoto kwake alilala mchungaji Thorvald, mtu mnene mwenye bunduki ndefu ya kurithi. Marlys alikuwa nyuma, kwenye kiti, anakula soseji na kutikisa mguu.

Ardis alikuwa amelala usiku mzima macho wazi. Hakuwa na wasiwasi na yai. Aliwaza hivi: Orlin akitoka kwenye kibanda kile watu watamzunguka, kisha soseji, kisha viazisukari, na huyu bwana atajiambia kwamba muda umepita, kwamba labda ile ya gerejini aliyoishia nayo ilikuwa ya nne au ya tano, na atalifunga jambo hili kama alivyofunga vile vyumba vya juu. Ya tatu ikipoa, imepoa. Na yeye hawezi kumshikia birika.

Lakini kulikuwa na sheria moja uwanjani.

"Wa kulia mko tayari?" iliuliza sauti ya Orlin kwenye kipaza sauti, nzito, ya taratibu.

Kimya, maana yake ndiyo.

"Wa kushoto mko tayari?"

Kimya.

"Mstari mzima uko tayari?"

"Siko tayari!" alipiga kelele Ardis, akanyoosha mkono juu.

Na sheria ni sheria. Mmoja asipokuwa tayari hakuna anayefyatua, hata awe gavana. Bunduki zote zikafunguliwa. Vichwa vyote vikainuka kwenye mikeka.

"Namba saba hayuko tayari," ilisema sauti. Ikasita. "Bunduki ina shida, Ardis?"

"Bunduki haina shida yoyote!"

"Basi ni nini?"

"Kuna jambo nimekaribishwa mara mbili," alisema Ardis, kwa sauti ile ile inayofika mpaka viti vya nyuma kanisani, "na mimi ni mtu wa bonde hili!"

Mchungaji alitoa kizibo sikioni. "Amekaribishwa nini?" alimuuliza jirani yake. Jirani hakujua. Nyuma, Marlys aliacha kutafuna.

Kipaza sauti kilikuwa kimya, lakini hakikuzimwa, na uwanja mzima ulimsikia Orlin Stenerson akipumua. Huyu ni mtu aliyewahi kurudi nyumbani na mkate mbovu kwa sababu kuurudisha dukani kungehitaji kusema. Watu mia na ushee walikuwa wamegeuka wanakitazama kibanda chake. Ardis alilala pale, moyo unapiga kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza akaogopa kweli. Amemsukuma mno. Atashuka, atavaa kofia. Alitamani kuushusha mkono wake, aseme ni utani, wapige mayai, waende zao.

Hakuushusha.

Kipaza sauti kikalia mluzi. Kisha sauti ikaja, imekauka, na kila neno lilikuwa na kazi kubwa kutoka.

"Ardis. Nikumiminie?"

Hakuna aliyeelewa. Ni watu wawili tu walioelewa, na mmoja wao alikuwa amesimama juu ya kiti cha kukunja na soseji mkononi.

Ardis alifumba macho. Jua lilikuwa la moto kwenye kope zake, na furaha ilikuwa nyingi mno kwa mtu aliyelala kifudifudi.

"Haya basi," alisema kwa sauti kubwa. "Nusu kikombe tu!"

Marlys akapiga yowe, kiti kikamkunjikia, akaanguka na soseji yake. Watoto wakacheka. Mchungaji akamwinamia Ardis, "Kwani kuna kahawa?" akauliza, na Ardis akashindwa kumjibu kwa kucheka.

"Mstari utulie," ilisema sauti ya kibandani, nayo ilikuwa inatikisika kama lori. "Mstari uko tayari. Anzeni."

Ardis akaweka shavu mahali pake. Mtutu ulikuwa unaelea, haukuguswa na kitu, ulikuwa safi kabisa. Bahati mbaya mabega ya mwenye bunduki yalikuwa hayatulii. Akavuta. Yai la mchungaji likapasuka.

"Asante," alisema mchungaji, aliyekuwa bado hajafyatua.

Ardis akapumua, akapumua tena, akajilazimisha kuwaza juu ya mazishi na ushuru wa ardhi. Akalitafuta yai lake kwenye darubini, jeupe, limetulia juu ya nguzo. Akavuta taratibu. Yai likatoweka, na upepo ukabeba ute wake ukimeta juani.

Kipaza sauti kikakohoa.

"Namba saba," alisema Orlin. "Si mbaya sana."

Watu waliokuwa kwenye viti walitazamana. Hawakuwahi kumsikia akimsifu mtu hivyo, tena hadharani.